Rangi ya Mabomba Chumbani

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika brashi. Shefu, yaani mkuu, wa karakana ya rangi, mzee mnene asiyevua kofia ya chuma hata akila, alinipa mti mrefu akanionyesha pipa. Mawe ya chokaa yaliyochomwa yalikuwa yamemwagiwa maji, yanachemka yenyewe bila moto. Huko ndiko kuzima chokaa. Nilikoroga wiki nzima macho yakiniwasha, nikijiuliza kama ndicho nilichosomea shule ya ufundi ya mapadri.

Likasi ya wakati ule, king'ora cha kampuni ya migodi kikilia, mji mzima uliamka. Sisi wapaka rangi tulikuwa na vyeo vyetu. Waanzaji walipaka chokaa nyumba za kambi kila mwaka kabla ya mvua, na watoto wote wa kambi walitembea na migongo myeupe kwa kuegemea kuta. Ninaikumbuka harufu ile safi hadi leo. Waliobobea walipelekwa kiwandani kupaka mabomba na matangi kwa rangi ya mafuta yenye madini ya risasi, ile inayozuia kutu. Nilipohamishiwa huko chini ya kontrametre, msimamizi mmoja mkali, nilipita mitaa ya Kikula kifua mbele utadhani nimepewa udaktari.

Desturi yetu ilikuwa kwamba kinachobaki chini ya kopo ni cha mpaka rangi. Basi mke wangu Ngalula alipokwenda kujifungua mtoto wetu wa kwanza, nilitaka arudi akute chumba cha wakubwa. Kuta zilikuwa za matofali mabichi. Nilizipaka kijivu cha mabomba mara tatu, zikang'aa, kisha, mjinga mimi, nikafunga dirisha ili vumbi lisiingie.

Ngalula alikaa humo siku tano na Kapinga, binti yetu. Kichwa kilimuuma. Mtoto akakohoa, macho yakamtoka machozi, akaacha kunyonya. Siku ya sita alimfunika kitenge ili aende naye kwa mama yake. Hakupandisha sauti.

« Baba Kapinga, minye sirudie tena mu ile chumba. Mutoto iko anakufa, weye unaangalia rangi. »

Kontrametre nilimwogopa, nikaenda kwa shefu wa karakana. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua ile kofia, nikaona upara wake kwa mara ya kwanza.

« Ile rangi ni ya tuyau, » alisema, akimaanisha mabomba. « Tuyau haipumue. Ukuta ya potopoto, ile ya udongo, inapumua, mutoto naye anapumua. Weye umewafunga bote mbili. »

Akanieleza cha kufanya. Nilijifunga kitambaa usoni, nikalowesha ukuta kabla ya kuukwangua ili vumbi la risasi lisiruke, na magamba nikayazika mbali na kisima. Nyuma ya rangi tofali lilikuwa limeota ukungu kwa unyevu uliokosa pa kutokea. Niliziba palipobomoka kwa udongo, nikaacha ukauke sawasawa. Kisha nikapaka chokaa iliyolala pipani miezi kadhaa, nyepesi kama maziwa, yenye chumvi kidogo ili ishike. Nilipaka mara nne, na mara ya mwisho nilitia udongo mwekundu wa Kapolowe uliochujwa. Ukuta ukatoka na rangi ya yai la kienyeji.

Ngalula alikuja peke yake, na sahani ya bukari, ugali wetu, na samaki wa ziwa la Tshangalele. Akaniambia kwamba bukari ikiwa na ladha ya rangi mdomoni mwake, nisimfuate tena kwa mama yake. Akafunga mlango na dirisha, akaketi sakafuni. Nilisimama nje nikiukodolea macho mlango, kwa maana niliwapenda na nilijua nimewaumiza kwa mikono yangu. Mlango ulipofunguka, sahani ilikuwa tupu.

« Enda ulete mutoto, » alisema. Nililia pale pale, wala sioni haya kuliandika.

Kapinga alipona, leo ni mama wa watoto wanne. Mimi nilistaafu nikiwa kontrametre, na Ngalula ametangulia mbele za Mungu. Nyinyi vijana mkija kuniuliza rangi ya nyumba, wa kwanza mnayemtaja huwa ni mgeni atakayeiona. Nawaelewa, nami nilikuwa hivyo. Wakubwa wengi walinikagua kazi miaka ile yote, na kila mmoja alisimama mlangoni, akatazama kama ukuta unang'aa, akaenda zake. Ngalula aliingia, akafunga mlango, akala chakula chake humo.