Nilivyourudisha Umeme kwa Mdomo

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ana ugonjwa mmoja: hakuna kitu asichokijua. Siku ile alikuja kwetu Mkuza na pikipiki kutoka Kisarawe, katuletea mihogo, mvua ikamkuta. Na ile haikuwa mvua tu, upepo ulitaka kuondoka na bati. Tawi la mkorosho likaangukia waya wa umeme, waya ukadondoka mbele ya geti letu, kwenye maji. Mtaa mzima ukazimika.

Nikapiga simu kwa watu wa umeme. Wakasema tukae mbali, wanakuja. Nikawakusanya watoto barazani, wangu na wa jirani, mdogo nikambeba mgongoni.

Mvua ilipokatika, shemeji akataka kuondoka. Pikipiki haipiti.

"Shem, umeme si umekatika? Huu waya umekufa."

"Umekufa, umeuzika wewe? Wakiuwasha huko je?"

"Wanawake mna woga. Mti haupitishi umeme."

Akaingia jikoni kwangu, akatoka na mwiko. Mwiko wangu mkubwa wa pilau, nimetoka kuuosha, unachuruzika maji! Miguuni kandambili. Nikamvuta shati, akanipangua. Wanaume wa mtaa wakampa moyo, "Sogeza tu, kaka!" Hao washauri walikuwa wamesimama mbali kweli, kule dukani.

Nilijiona nimesimama mbele ya mama mkwe, namweleza kwamba mwanawe kafia getini kwangu, mkononi ana mwiko.

Akainama. Nikavuta pumzi, nikapiga ile kelele ambayo kila mtoto wa huku anaijua:

"Umerudiiii!"

Watoto wakaidaka, nyumba ya pili wakaipokea, mtaa ukalipuka kwa shangwe. Shemeji aliruka! Mwiko kivyake, kandambili kivyake, yeye akatua mtaroni, makalio kwanza.

Watoto walipoanza kuuliza mbona taa haziwaki, akaelewa. Akatoka anatiririka tope, akampigia mama yake Kisarawe, akaweka na spika, ili nisikie ninavyoshitakiwa.

"Mama, shemeji kanidhalilisha! Nilikuwa nasogeza waya uliokufa, akapiga kelele umeme umerudi, kumbe haujarudi!"

"Na wewe ukafanyaje?"

"Nikaruka."

"Sasa uliruka nini, na waya umekufa?"

Shemeji akaanza kujifuta tope usoni.

"Hebu mpe simu shemeji yako."

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Huyo asitoke humo mpaka mafundi waje. Hata kama atakaa uchi, asitoke."

Nguo za mume wangu zote zilikuwa kambani, zimelowa chapachapa. Nikampa khanga. Akakaa barazani kanuna, lakini mtoto akinyanyua tu mguu kuelekea getini, yeye ndiye anafoka kunishinda mimi.

Mafundi walipofika, wakauliza nani aliyewazuia watu wasiuguse ule waya.

"Mimi," akasema shemeji, ameikamata khanga kwa mikono miwili isimdondoke.