Wakarudi Makwao kwa Furaha

Wajukuu zangu hawaamini kwamba Kasongo ya zamani ilikuwa na sinema. Ilikuwa nayo. Ililetwa na lori la serikali, na sauti yake ilikuwa mimi. Wakiomba niwasimulie, naona uvivu. Lakini leo nimekaa, basi nisimulie yaishe.

Miaka ile ya mwisho ya Wabelgiji nilikuwa karani, mtoto wa nyumba ya Waislamu wa mjini, sisi tunaoitwa Wangwana. Wakanitoa mezani wakanipa kipaza sauti. Picha zilisema Kifaransa, na watu wetu hawakukijua, hivyo kazi yangu ilikuwa kusimama kando ya shuka nyeupe na kusoma maneno ya Kiswahili yaliyopigwa taipu, kila ukurasa una muhuri wa ofisi. Nyingi zilihusu kunawa mikono na kulima pamba. Hizo sikuzichukia. Niliyoichukia ni ile ya vita.

Ilihusu vita vya Wazungu na mababu zetu, vile vilivyoiteketeza Kasongo ya kale. Waliiigiza karibu na mji, na waigizaji walikuwa watu wa soko letu, waliolipwa chumvi. Katika picha ile mababu zetu wote wana viboko na macho makali, wakiswaga watumwa wa minyororo. Askari wa Wazungu wote ni wasafi, utadhani wametoka kanisani. Mwishoni minyororo inakatwa, ngoma inalia, watu wanashika njia wakicheka, na mimi nasoma: "Wakarudi makwao wote kwa furaha." Mtu wa mbele kabisa katika hao waliokombolewa alikuwa fundi cherehani, jirani yangu. Alicheka kweli, kwa sababu aliyemfungua mnyororo alikuwa shemeji yake.

Bibi yangu mzaa baba aliuona mji ule ukiungua. Yeye alisema waliokatwa minyororo walibebeshwa mizigo ya askari siku ileile, na wanawake wakagawanywa. Habari za bibi hazikuwa na muhuri. Kila nilipousoma ule mstari wa furaha niliona hasira, nikasema moyoni kwamba Mzungu ni mwongo na hana haya.

Lakini nyani haoni kundule. Tulipoonyesha Kasongo na Nyangwe, mji mwingine wa Wangwana, bwana ajenti wa serikali aliyesafiri nasi alikwenda kula kwa mapadri, akaniacha peke yangu na karatasi. Picha ilipofika kwa watu waliofungwa shingo kwa shingo, karatasi ilisema "watumwa walioibwa vijijini". Mimi nilisoma "wapagazi". Wazee wetu waliokaa mbele walitikisa vichwa, wameridhika. Mmoja alinishika mkono akaniombea dua. Nilijiona shujaa, mtetezi wa kweli.

Kisha tukaanza safari ya Kabambare. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Mimi niliubeba uongo kwa lori, na njia ilikuwa ndefu, ina matope mpaka kwenye ekseli. Safari hii bwana ajenti hakuniacha. Nadhani alikuwa amepata habari za wale wapagazi wangu. Alijua Kiswahili vizuri, na kila jioni alikaa ubavuni mwangu akifuata mistari kwa kidole. Kwa hiyo nilisoma kila neno kama lilivyoandikwa.

Katika kijiji kimoja, mwendo wa nusu siku kabla ya Kabambare, mama mmoja mzee wa Kibangubangu, kabila la huko, alinijia tulipokuwa tukikunja shuka. Alisimama mpaka nikamtazama.

"Baba, weye iko mutu ya Kasongo?"

"Ndiyo, mama."

"Wale watu walirudia kwao, walipita njia gani? Dada yangu mukubwa walimukamata mu shamba. Miye nilikuwa mutoto mudogo, nikajificha mu majani. Leo nimeangalia ile kitambaa, sura kwa sura. Yeye hapana."

Nilimweleza kwamba wale si wenyewe. Nilimwambia habari za fundi cherehani na za chumvi. Hakukasirika.

"Basi wale ya kweli iko wapi?"

Nilifungua kinywa nimweleze maneno ya bibi yangu, ya askari na mizigo. Yalikuwa rahisi kusema, maana kosa lilikuwa la wengine. Yeye akaniwahi.

"Kule kwenu, mutumwa akikufa, mulikuwa munamuzika wapi?"

Nyuma ya nyumba ya babu yangu kuna migomba. Utotoni tulikatazwa kuchimba pale. Tuliambiwa ni makaburi ya wageni. Ni wageni gani hao waliotufia wengi kiasi kile, sikuuliza. Ndizi zake nilizila.

"Kwetu iko migomba, mama," nikasema. "Iko chini ya migomba."

Sikuwahi kulitamka hilo, hata kwa mke wangu. Yule mama alikaa chini kwenye vumbi, akalia bila sauti, kisha akajifuta uso kwa kanga. Akanieleza kwamba ukoo wao haujaanua matanga ya dada yake tangu siku ile. Mama yao alikufa akiwa bado anamlia. Kwao msiba wa aliyefia mbali haufungwi mpaka mtu wa huko alikofia alete neno kwa kinywa chake, mbele ya ukoo.

"Miye nikisema peke yangu, watasema muzee anaota. Kesho kutwa iko sinema ku Kabambare. Ndugu zetu iko kule. Sema mu ile chombo yako: hawakurudia. Neno moja tu, baba."

"Nitasema, mama."

Nilikuwa namaanisha. Sisemi hivi ili nisamehewe.

Yule mama alikuja Kabambare kwa miguu. Alikuwa amenyoa kichwa na kuvaa kitambaa safi, akakaa mbele kabisa katikati ya ndugu zake. Mmoja wao alimshika kuku mweupe aliyefungwa miguu, kuku wa kufungia msiba. Niliwaona wote vizuri kwa mwanga wa mashine. Bwana ajenti alikuwa ubavuni mwangu, nakala yake ya karatasi gotini, kidole kwenye mstari.

Minyororo ikakatwa. Ngoma ikalia. Fundi cherehani akacheka. Nilikuwa na mke na mtoto, na nilimjua karani aliyefukuzwa kwa jambo dogo kuliko hilo. Niliyafikiria hayo baadaye. Wakati ule sikufikiri kitu, nilichoka tu, na karatasi ilikuwa mbele yangu.

"Wakarudi makwao wote kwa furaha," nikasoma.

Nilisoma vizuri, kwa sauti ya mjini. Watu wakapiga makofi. Yule mama hakupiga. Nadhani aliona pengine zamu ya neno lake haijafika, maana aliendelea kunitazama kinywa. Alinitazama picha ya pamba ilipoonyeshwa. Alinitazama ya kunawa mikono. Mashine ikazimwa, bwana ajenti akasimama kujinyoosha, na yeye bado alikuwa pale, mikono mapajani, akinitazama kinywa.

Mkubwa wa ukoo wao ndiye aliyesema kwanza. Hakusema kwa ukali.

"Mumesikia mutu ya Kasongo. Walirudia wote. Basi huyu wetu alikataa tu kurudia."

Wakainuka. Yule aliyemshika kuku akamfungua miguu, akamtia kwapani, wakarudi naye nyumbani.