Mkojo wa Zambarau wa Mzee Muhuri

Kwa miaka tisa Dada, mfanyakazi wa nyumbani, alimwosha, akamlisha na kumgeuza Mzee Muhuri, karani mstaafu aliyepewa jina hilo kwa kugonga muhuri kila karatasi iliyompitia, hata zile zilizopita njia tu. Siku hizi mzee alikuwa na kitanda, mpira wa mkojo, na mfuko wa plastiki ulioning'inia ubavuni mwa kitanda.

Jumatatu asubuhi mkojo ukawa zambarau. Si wekundu, si kahawia: zambarau iliyokolea.

Dada alifanya kosa la watu wasafi: akaumwaga mbio mbio, akausuuza mfuko. Plastiki ikabaki na rangi. Kifungua mimba wa mzee, mtu wa cheo kikubwa na subira kiduchu, alipokuja kusalimia akauona. Akatazama mfuko, akatazama kidau cha wino wa zambarau wa muhuri ambacho baba yake alikataa kustaafu bila kuondoka nacho. Upelelezi ukaishia hapo.

"Dada, umemnywesha baba wino!"

"Kaka, mtu uji tu anautema, wino ataumeza?"

"Mbona umemwaga ushahidi?"

"Huo ni mkojo. Ulitaka nikuwekee kwenye friji?"

"Funga mizigo yako!"

Akafunga. Miaka tisa ikaenea kwenye sanduku moja.

Nesi anayezungukia wagonjwa majumbani akampita Dada mlangoni na sanduku lake. Kaka akamwonyesha wino; hakuuangalia. Alibonyeza tumbo la mzee, gumu kama ubao.

"Choo kikubwa alipata lini?"

"Jumanne iliyopita," Dada akajibu kutoka mlangoni. "Nimempigia Kaka mara tatu alete dawa ya kulainisha. Anasema nisimtajie choo, yuko mezani."

Nesi akaeleza taratibu: mpira ukikaa sana hufuga bakteria, choo kikikwama, kemikali za mabaki ya chakula hupitia damu hadi kwenye mkojo, na bakteria huzigeuza rangi. Inatisha kuliko inavyodhuru, ila mpira na mfuko vibadilishwe, mkojo ukapimwe, na choo kitoke.

"Kwa hiyo wino..."

"Wino hauna kesi."

Kaka akakohoa. "Basi, Dada, rudisha nguo kabatini."

"Umenifukuza wewe, zirudishe wewe."

Mtu mzima akapiga magoti, akafungua sanduku, akaanza kukunja magauni na sidiria mbele ya nesi na baba yake. Mzee Muhuri, ambaye hakuwa amecheka tangu mwaka juzi, akatikisika mpaka kitanda kikalia.

Dada akamwangalia Kaka kidogo.

"Mikono ya gauni unaikunja kwa ndani," akasema, akaenda kuchemsha maji ya kumwogesha mzee.