Tausi wa Nyonga Mbili

Dada yangu alipokaribia kuolewa hapa Goma, hakuomba friji wala gari la maua. Aliomba picha moja tu: mama na mama mudogo wamesimama pamoja. Afadhali angeomba gari. Hao ndugu wawili walikuwa hawasemezani tangu mama mudogo aazime sufuria kubwa ya mama, ikarudi bila kifuniko. Wahenga wanasema ndugu wakigombana, shika jembe ukalime. Mimi sikupewa jembe, nilifanywa simu. Wameketi chumba kimoja, mama ananiambia, "Muulize mama yako mudogo kama anakunywa chai," na mwenyewe yuko hapo, amesikia, ananingoja mimi nirudie. Nilichoka, jamani.

Kutafuta sare ya harusi kulikuwa kazi ya mama. Kwa mchuuzi aliyefika na mizigo kutoka mpakani Bunagana akapata kitambaa kipana cha pamba cha India, kimechorwa kwa mkono: mti mmoja mkubwa umejaa maua, na kwenye tawi, tausi. Mchuuzi alieleza kwamba Wahindi huvichora hivyo ili wauze ng'ambo, huko watu wavitandike kitandani au wavitundike ukutani. Mama akawahurumia hao watu. Ukuta uvae, na wao je? Akakipeleka kwa fundi wetu wa Majengo akikate vikwembe vya kujifunga kiunoni kwa wanawake wa familia. Hata mama mudogo alikatiwa chake, nikatumwa kumpelekea, ili watu wasiseme.

Fundi alikikata kama anavyokata kitenge chochote, maana kitenge hata ukikikata wapi, ua lake utalikuta tena mbele. Hiki kilikuwa na tausi mmoja tu. Siku ya harusi ndipo tulipojitazama vizuri. Bibi mzaa mama alikuwa amevaa shina. Mimi nilipata mizizi na udongo, asante sana. Kichwa cha tausi kilikuwa kwenye nyonga ya mama, na mwili wote, mkia ukiwa umetanda makalioni, ulikuwa kwa mama mudogo.

Mama akasimama mwisho huu wa mstari, mama mudogo mwisho ule. Mpiga picha akatutazama weee, akashusha mashine yake. Akasema hawezi kupiga ndege aliyechinjwa kwenye harusi ya watu, ni mkosi. Dada alikuwa tayari anafuta machozi kwa shela. Bibi akawashika binti zake mikono, akawapanga ubavu kwa ubavu. Hata hivyo shingo ilibaki na pengo la kiganja kizima.

Mama akaniangalia. "Mwambie mama yako..." Kisha akageuka mwenyewe. "Sogea, mudogo wangu. Tusiue ndege wa watu."

Mama mudogo akasogea mpaka nyonga zikagusana. "Kifuniko kiko kwangu, yaya," akamwambia dada yake mkubwa. "Nilisikia haya kukirudisha."

Katika picha hiyo tausi ni mzima. Mama ndiye mwenye mdomo wazi, kwa sababu alikuwa ameanza kumgombeza, yeye mwenyewe, bila kupitia kwangu.