Zamu za Maji za Baba

Baba alikuwa karani wa mradi wa maji kule kwetu Chawia. Maji ya bomba hayatoshi wote kwa siku moja, kwa hivyo kila kijiji kina zamu yake, na baba ndiye aliyezitangaza. Baada ya kustaafu ualimu na mama kufariki, kazi hiyo ndiyo iliyomtoa kitandani asubuhi.

Mimi naishi Voi, natengeneza tovuti. Nilipomtengenezea ukurasa wa zamu, wenzangu walinicheka kwa kukataa mitambo yao, ambayo hutaka kazi nzima ipikwe upya, yaani iundwe tena kutoka mwanzo, kila ukigeuza neno moja. Chawia mtandao wenyewe ni wa kubahatisha! Nikatumia web components bila kupika chochote: unajitungia tagi yako, yaani alama inayotaja kipande cha ukurasa, unaifafanua kwenye faili ndogo ya JavaScript, na kivinjari kinaisoma kama ilivyo. Yangu niliiita zamu-maji. Baba alihitaji tu kufungua faili, kuandika kijiji na siku, kisha kubonyeza kitufe cha kutuma. Alijifunza haraka, akaanza hata kunikosoa jinsi nilivyopanga mistari. Mwalimu ni mwalimu.

Mwaka jana vijiji viwili vikapewa Jumanne moja. Kisha kijiji kimoja kikakosa siku kabisa, akina mama wakashinda bombani na mitungi mitupu. Mwenyekiti wa mradi akanipigia.

"Mzee wetu amechoka," akasema, kwa upole ulioniudhi. "Si tumpumzishe?"

Nikakataa. Nikaiongezea tagi ulinzi: siku ikirudiwa au kijiji kikisahauliwa, inanitumia ujumbe. Nikawa narekebisha kimya kimya kutoka Voi. Niliogopa sana. Nilijua huo si uchovu, lakini kila mara nilijiambia ni kosa la leo tu.

Asubuhi moja ujumbe wa onyo haukuja, nikafungua ukurasa kwa furaha. Chini ya zamu palikuwa na mstari mmoja wa maandishi, usio na rangi wala fremu: "Leo anateka yeye. Msimwache peke yake kwenye mteremko."

Nikafungua faili. Baba alikuwa ameandika tagi mpya, mama-yenu, ambayo mimi sikuwahi kuitunga. Kivinjari hakigombi kikikutana na tagi kisiyoijua. Kinaonyesha tu kilichoandikwa ndani yake.

Majirani walikuwa wameshausoma. Hakuna aliyecheka, na hilo liliniuma zaidi.

Nikapanda Chawia siku hiyo hiyo, nikamwambia mwenyekiti atafute karani mwingine. Kisha nikakaa na baba mezani, nikanakili folda nzima kwenye kompyuta yake. Kwa kuwa hakuna cha kupika, inafunguka hata bila mtandao. Kitufe cha kutuma kipo bado, ila hakipeleki kitu popote. Baba anaandika, anaona zamu zikijipanga kwenye kioo, anaridhika. Hajui, na mimi siwezi kumwambia.

Akimaliza hunipigia simu.

"Umeziona?" aliniuliza juzi.

"Nimeziona, Baba."

"Sasa mbona mama yako hajarudi na maji?"

 Nikamjibu, "Leo si zamu ya kwetu, Baba."



"Basi ni mimi nimekosea siku," akasema. "Ngoja nirekebishe." Nikamsikia akianza kuandika.