Chupa Yenye Sura ya Baba

Ndugu yangu mdogo aliponipigia simu akisema ametengeneza soda ya mzizi wa mukombero na anataka niionje, nilimkatia. Akapiga tena, nikakata tena. Mwishowe nikapokea, kwa sababu namjua: angenijia mpaka Bungoma na kreti begani.

Ningemwambia nini? Yeye anakumbuka utamu tu. Baba akirudi jioni alimnyanyua, akamtilia mdomoni kipande cha ule mzizi, na mtoto akalala huku anatafuna. Mimi ndiye niliyetumwa soko la Myanga kuununua, na nilijua kazi yake. Baba alikuwa mzee wa kanisa. Alitafuna mukombero ili ile pombe yake ya chang'aa isinuke mdomoni. Harufu ya mzizi ikiingia uani, Mama aliacha chochote alichoshika, akakimbilia komeo la mlango, na sisi wakubwa tulijua atapigwa tu. Mdogo wetu hakuambiwa. Mama alitukataza, hata baada ya Baba kuzikwa.

Sasa huyo mdogo wetu, mtu mzima mwenye kipara, alikuwa amepanga uzinduzi, na Mama ndiye angefungua chupa ya kwanza mbele ya kanisa zima. Nilienda Kitale na nia moja tu, kuiua ile soda kabla haijamfikia Mama.

Nilimkuta ndugu yangu kwenye hoteli ya mama mmoja ambaye wazazi wake walitoka Nyeri wakaja kulima mahindi eneo la Kwanza. Huyo mama alikuwa tayari kuiuza soda hotelini kwake, ikimpendeza. Meza ilitandikwa kitambaa cheupe, glasi zikapangwa kana kwamba tunangoja gavana. Upuzi mtupu. Chupa zilikuwa za kahawia, na kwenye lebo alikuwepo Baba, na kofia yake ya Jumapili, anatabasamu. Chini yake waliandika: Kama Alivyotengeneza Mzee. Baba hakuwahi kutengeneza hata chai. Nilitamani kuibandua lebo ile kwa kucha.

"Sista, leo wewe ndio jaji," ndugu yangu akasema, akinimiminia. "Wewe ndio unajua mukombero kutushinda sisi wote. Sema tu ukweli, bana."

Nikaanza na rangi. Nikasema imefifia kama chai ya matanga. Povu nikasema limezidi, linafaa kufulia. Nikapiga funda dogo, gesi ikanipanda puani, nikalalamika kwamba tangawizi ni nyingi, ni kama dawa ya kikohozi. Mama mwenye hoteli akacheka.

"Huyu ni dada yako ama ni adui?"

"Ako tu hivyo," ndugu yangu akamjibu. "Ngoja amalize glasi."

Nilikuwa nimeomba Mungu iwe ya uongo. Ile vanila ya dukani, ambayo hunukia kama mukombero, huwa tamu tangu mwanzo, halafu haibaki na kitu. Ningeionja, ningesema hapa hakuna mukombero, ningerudi kwangu. Lakini mzizi wa kweli huanza na uchungu, na uchungu ukaja. Ukakaa nyuma ya ulimi, kisha polepole ukageuka utamu, na ile harufu ikapanda kutoka kooni. Alikuwa ameipatia, hakukosea hata kidogo, na nilimchukia kwa kuipatia.

"Si ndio hiyo?" akauliza, macho yanang'aa. "Si hiyo ni harufu ya Baba kabisa?"

"Karibu. Inakosa kitu kimoja."

Akainama mbele. "Nini? Sukari?"

"Chang'aa."

Mama mwenye hoteli akaweka glasi yake chini. Ningeweza kumvuta ndugu yangu pembeni. Sikutaka. Nilimweleza pale pale, bila kupunguza sauti, mizizi ile Baba aliitafunia nini na alimfanya nini Mama akishafika nyumbani. Nikamwambia kwamba ule mkono wa Mama uliopinda, ambao yeye ameambiwa maisha yake yote kuwa aliteleza mtoni, haukuvunjwa na mto wowote. Nilikuwa na hasira na kila mtu aliyekuwa mezani, pamoja na yule wa kwenye lebo.

"Ukimpelekea Mama hiyo kitu," nikamaliza, "mimi na wewe tumemalizana."

Nilidhani atabisha. Mdomo huwa anao. Lakini aliigeuza chupa, lebo ikatazama ukuta, na mama mwenye hoteli akajifanya ameitwa jikoni.

"Nilimpelekea," akasema. "Juzi. Nilitaka aone kabla ya watu."

"Akanywa?"

"Hakunywa. Nilifungua tu, akasikia harufu. Akasimama, akaenda akafunga mlango na komeo. Mchana, sista, jua kali. Nikadhani ni uzee. Nikamcheka."