Jezi ya Kijani Katika Barabara ya Beni

Nilienda Beni kwa sababu ya macho ya Papa, baba yangu. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha, na daktari wa macho pale Butembo alituambia bila kuzunguka kwamba la kulia linafuata. Papa akauliza swali moja tu: "Timu ya inchi inacheza lini?" Mara ile tulipokwenda Kombe la Dunia, inchi ilikuwa ingali inaitwa Zaire, na yeye alikuwa kijana anayesikiliza redio kwa jirani. Sasa timu ilikuwa imefika mlangoni tena, imebaki mechi moja. Safari hii Papa alitaka kuona.

Kwenye télé ya nyumbani anaona vivuli tu. Lakini tulikuwa tumesikia kwamba huko Beni, mtaani komini ya Beu, wameweka ekran ya kuonyeshea mpira, kubwa kama ukuta, ndani ya sali moja, ukumbi wa harusi. Mimi ni Masika, muuza viazi, na ndimi ninayeanzisha nyimbo za mashabiki wa mtaa wetu. Mwenye Fuso inayoniletea viazi kutoka Lubero hawezi kuninyima kitu. Nikawaambia mashabiki: pandeni wote.

Asubuhi, Butembo, baridi ya kuuma masikio. Papa alitoka nyumbani amevaa jezi ya kijani ya wakati wa Zaire, imefuliwa mpaka ikawa nyepesi kama karatasi, na mkononi kashika redio yake ndogo iliyofungwa kwa mpira wa tairi ya baiskeli. Kakule, katibu wa kamati yetu, alimzuia palepale. Kakule ni mchinjaji, lakini anapenda sheria kuliko nyama. Sheria yetu ya kwanza ni hii: ndani ya Fuso hapana rangi ya parti, ya chama cha siasa. Tuliiweka baada ya uchaguzi uliopita, maana kwetu wako wa serikali na wako wa upinzani, na tulikaribia kupigana kwa vigoda.

"Papa, mutanisamehe," akasema Kakule. "Kijani ilikuwa rangi ya parti ya zamani."

"Hii ni jezi ya timu."

"Mais rangi ni ile ile."

"Basi kataza na majani ya viazi," akajibu Papa, akapanda, akakaa juu ya gunia. Watu walicheka mpaka Kakule naye akacheka. Kisha akajaribu tena: "Na redio ni ya nini? Tunaenda kwenye ekran." Papa akamwambia ekran ni ya wenyewe, redio ni yake.

Kufika Maboya tulikuwa tumekwisha imba nyimbo zote tunazojua, tukaanza siasa, sheria au hapana sheria. Mmoja alisema Kinshasa inatukumbuka siku ya mpira tu. Kakule akamjibu: "Na sisi tunaikumbuka Kinshasa siku ya mpira tu. Donc tuko sawa." Tukacheka, lakini nililiweka neno hilo moyoni. Huku kwetu watu wamezika sana kwa vita. Mwaka ule wa Ebola wenzetu wa inchi nzima walipiga kura ya kuchagua mkubwa wa inchi, sisi tukaambiwa tungoje. Mutu anaweza kujiuliza bendera inamtaka au inamvumilia. Lakini angalia, tuko juu ya Fuso ya viazi, vumbi mpaka kwenye meno, tumejipaka rangi za bendera ile ile usoni.

Baada ya Kabasha barabara inashuka na joto linapanda. Tulivua masweta, na miti ya kakao ikaanza kuonekana. Kwenye bariera, kizuizi cha barabarani, askari kijana alituuliza kwa Lingala, "Bozokende wapi?" yaani tunaenda wapi, kisha akamkazia macho Papa. "Muzee, hiyo ni parti gani?"

Papa akasema: "Ni jezi ya inchi, mwanangu. Ile tuliendea Kombe la Dunia, wewe hata baba yako alikuwa bado kuoa."

Askari akatabasamu. Alikuwa na zamu mpaka jioni, hatauona mpira. "Mukirudia, munipe matokeo," akasema, akainua kamba.

Saa sita tuliingia Beni. Kasereka, mkubwa wa mashabiki wa huko, kijana mwenye mdomo mtamu, alitupokea kwa fufu, mboga ya sombe na sucré, soda ya baridi. Nilipomaliza kula ndipo akaanza kujikuna kichwa.

"Yaya Masika, kuko kaneno kadogo. Ekran ni ya muheshimiwa mumoja. Kila mutu anaingia na tisheti yake." Akafungua mfuko. Sura ya muheshimiwa ilikuwa inacheka kutoka kifua mpaka kitovu. "Kuku mugeni hakosi kamba mu mguu. Leo kamba ni hii."

Mlangoni pa sali walisimama vijana wawili wanene. Hapana tisheti, hapana kuingia. Nusu ya watu wangu walivaa haraka, na mimi siwalaumu, kwa sababu nilivaa pia. Nilikuwa nimemleta mzee kwa barabara ile ili aone, sikuja kubishana na kitambaa. Nikamletea Papa ya kwake.

"Papa, ivae juu ya jezi tu. Mechi ikiisha tunaitupa."

Papa aliishika, akaisogeza karibu na jicho lake la kulia, akaitazama ile sura kwa muda mrefu. Hakukasirika.

"Masika, wakati wa Zaire nilivaa sura ya mukubwa hapa kifuani. Tulichezeshwa mvua na jua, tukimuimbia. Hata siku ya kumuzika mama yangu nilifika kaburini nikitoka kwenye machezo yao. Ya hii jezi, wajua niliipendea nini? Ni nguo moja tu ya wakati ule haikukuwa na sura ya mutu." Akanirudishia tisheti imekunjwa vizuri. "Ingia, mwanangu. Utanielezea."

Niliumia. Lile jicho moja lililobaki lilikuwa linaachwa nje ya ukuta, na ni yeye mwenyewe aliyechagua. Niliivua ya kwangu, nikakaa naye kwenye baraza. Kakule akatoka ndani akitafuta mtu wa kugombana naye, akatukuta, akavua ya kwake. Wengine kumi hivi wakafuata. Papa akanyosha antena.

Sasa sikilizeni mambo. Mechi ilikwenda sufuri kwa sufuri mpaka mapumziko, na ndani walikuwa wanapiga kelele kutushinda. Kipindi cha pili mtangazaji wa redio akapayuka: goli, goli la Congo! Tuliruka, Kakule akanibeba, mimi kilo zote hizi. Lakini ndani ya sali kulikuwa kimya kabisa. Kichwa kikachungulia mlangoni: "Munashangilia nini? Mupira uko katikati." Kabla hajamaliza, sali nzima ikalipuka nyuma yake.

Fundi mmoja alinieleza baadaye kwamba picha ya télé inapanda kwanza angani ndipo inashuka, na redio inatangulia. Sisi hatukujua. Tulijua tu kwamba kila hatari tunaishtukia kabla ya wenye ekran. Watu wakaanza kutoka. Kwanza wawili, kisha benchi nzima, wakitaka kukaa karibu na redio ya Papa. Jua la Beni likachoma, tisheti zikafanywa vilemba. Mwishowe hata vijana wa mlangoni waliuacha mlango wazi wakaja kuuliza dakika.

Kasereka ndiye aliyeona kwamba mlango hauna mlinzi. Alimshika Papa mkono: "Papa, ingia basi. Hapana mutu anazuia."

Tulimuingiza na jezi yake, tukamuketisha kwenye kiti cha mbele kabisa, pua karibu na ukuta, redio kwenye sikio. Aliangalia kwa jicho lake moja, mdomo wazi. Ghafla akasimama akaanza kucheza, mikono juu, na kwenye ekran wachezaji walikuwa wangali wanakimbia. Redio ilikuwa imempa filimbi ya mwisho: Congo imeshinda. Kisha picha ikafika, wachezaji wetu wakaanguka kwenye majani ya uwanja wakilia kwa furaha, na Papa akasimama mbele yao, akawagusa ukutani kwa kiganja.

"Nimeona," akasema. Nililia pale bila haya.

Tulilala kwa akina Kasereka, tukanywa kasiksi, pombe ya ndizi. Kesho yake askari wa bariera alipoona tu Fuso inavyoyumba alijua matokeo, akacheza na bunduki mgongoni.

Nilijifunza kwamba kupenda inchi si kumpenda anayeishika, na kwamba Papa alilijua hilo kabla sijazaliwa. Butembo tulipokelewa kwa vigelegele. Jirani mmoja alimsogelea Papa, akaitazama jezi kwa wasiwasi. "Muzee, ni parti gani iliwapeleka Beni?"

Papa akavuta jezi kwa vidole viwili. "Angalia hapa. Unaona sura ya nani?"

Jirani akainama, akatafuta. "Sioni mutu."

"Basi," akasema Papa, "ni ya wewe pia."